Bunduki na Kipuri Chake: Funzo la Vita vya Kondoa, 1916

Katika madarasa ya elimu ya siasa kuna swali ambalo huulizwa karibu kila mwaka na kila kundi jipya la wanafunzi. Kwa nini babu zetu, ambao walikuwa wengi, walioijua nchi yao na ambao ushujaa wao haukutiliwa shaka hata na adui, walishindwa na majeshi madogo ya wakoloni? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wao walikuwa na mikuki na adui alikuwa na bunduki. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kwa kada kuliko kutojua kabisa.

Ukweli ni kwamba babu zetu walikuwa na bunduki, tena nyingi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kila mwaka kupitia pwani ya mashariki. Kwa hiyo swali la kuuliza si nani alikuwa na bunduki, bali ni nani aliyeweza kuiponya bunduki inapovunjika. Kamani ikikatika, komeo likipotea, risasi zikiisha, kipuri kinatoka wapi na kiko mikononi mwa nani? Tukilijibu swali hili kwa mifano ya historia yetu wenyewe tutaona jambo ambalo hesabu ya bunduki peke yake haituonyeshi. Mifano hiyo tutaianzia Kolo, katika Wilaya ya Kondoa, kwa sababu mahali hapo pameshuhudia silaha za aina zote mbili: ile ambayo mwenyewe huitengeneza, na ile ambayo mwenyewe huisubiri kutoka ng'ambo.

Upinde wa Kolo

Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye barabara iendayo Babati na Arusha. Kijiji hiki kinajulikana duniani kwa michoro ya miambani iliyoko katika vilima vinavyokizunguka, ambayo hadi leo imeendelea kutazamwa na wageni na wataalamu, na mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Miongoni mwa michoro hiyo wamo wanyama, wakiwamo twiga na pofu, na wamo watu wenye pinde na mishale.

Tuutazame upinde huo kwa macho ya mwanafunzi wa uchumi. Ubao wake ulikatwa porini. Uzi wake ulisokotwa kwa mshipa wa mnyama aliyewindwa. Wino wa mshale ulichongwa, manyoya yakatoka kwa ndege wa hapo hapo, na sumu ikachemshwa kutokana na mimea ambayo mwindaji aliijua kwa majina. Chuma kilipoanza kutumika kwa ncha ya mshale, nacho hakikutoka mbali: katika bonde la Haubi, ndani ya milima ya Irangi, mabaki ya taka za chuma yanathibitisha kwamba watu wa huko waliyeyusha na kufua chuma chao wenyewe. Hakuna sehemu hata moja ya silaha hii ambayo mwenyewe alihitaji kumpigia mtu mwingine magoti ili aipate. Ilipovunjika asubuhi, jioni ilikuwa imepona.

Hatusemi haya ili kuusifu upinde dhidi ya bunduki. Anayetaka kurudi kwenye upinde hajaielewa historia. Tunachosema ni kwamba kila zana ina mambo mawili: nguvu yake, na uhusiano unaouweka kati ya anayeitumia na anayeitengeneza. Upinde ulikuwa na nguvu ndogo, lakini uhusiano wake ulikuwa wa uhuru. Bunduki ilileta nguvu kubwa, na pamoja nayo ikaleta uhusiano wa utegemezi.

Bunduki ya biashara

Bunduki zilizoingia bara kwa misafara ya karne ya 19 zilikuwa hasa magobori: za gumegume, ambazo huwashwa kwa cheche ya jiwe, na baadaye za fataki. Zilinunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Hapa pana unyonyaji wa kwanza, kwa kuwa ili mtemi apate bunduki ilimpasa atoe utajiri wa nchi yake, na mara nyingine hata nguvu kazi ya nchi yake. Watawala kama Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, walijenga dola zao juu ya biashara hiyo.

Hata hivyo gobori lilikuwa na jambo moja zuri. Lilikuwa zana sahili ambayo fundi wa kijiji aliweza kuielewa. Kitako kilichopasuka kilichongwa upya kwa mti mgumu. Kasiba iliyolegea ilifungwa kwa waya au kwa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza. Risasi zilitengenezwa kwa kipande chochote cha risasi au chuma kilichopatikana. Mfua chuma aliyetengeneza majembe hakuwa mbali sana na elimu ya kulitibu gobori. Kilichomshinda kilikuwa mtambo wenyewe, hasa kamani, kwa maana kamani inahitaji chuma cha pua kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo. Hapo ndipo mpaka wa ufundi wetu ulipokuwa, na si mpaka wa akili. Ungeweza kuvukwa kama wafua chuma wetu wangepewa muda.

Muda huo hawakupewa. Mwaka 1890, katika mkutano wa Brussels, mataifa ya kibeberu yalikubaliana kuzuia uingizaji wa silaha katika Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kisingizio kilikuwa kupiga vita biashara ya watumwa. Lakini tuyasome masharti yenyewe. Bunduki za kisasa, zenye mifuo ndani ya kasiba, zilizuiwa zisimfikie Mwafrika. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, wakubwa hao walikaa mezani wakaamua Mwafrika abakie na zana ya karne iliyopita wakati wao wenyewe wanaingia na bunduki za nyakati zile. Zana haina siasa ndani yake, lakini anayegawa zana hugawa kwa siasa.

Lugalo: ushindi usio na karakana

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski pale Lugalo. Waliteka bunduki karibu 300, pamoja na mizinga. Kwa siku moja sheria ya Brussels ilivunjwa kwa mkuki.

Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ilianguka. Wako wanaoeleza kuanguka huko kwa mambo ya mbinu, nayo yalikuwapo. Sisi tunaongeza jambo moja. Bunduki iliyotekwa Lugalo haikuwa gobori. Ilikula risasi ya ganda la shaba iliyotengenezwa kiwandani, ambayo mfua chuma hakuweza kuifua wala kuichonga. Kila risasi iliyopigwa ilikuwa imetoka katika akiba isiyojazwa, na kila komeo lililovunjika halikuwa na mrithi. Mjerumani aliyepoteza bunduki 300 aliandika barua Ulaya akaletewa nyingine. Mkwawa aliyezipata hakuwa na pa kuandika barua. Huo ndio uzito wa kipuri katika historia: si kwamba kinashinda vita, bali kinaamua ni nani anaweza kupoteza pigano na bado akaendelea.

Wakati mkoloni alipoonja dawa yake

Msomaji anaweza kusema kwamba huu ni udhaifu wa jamii iliyokuwa bado haina viwanda, basi. Vita vya 1914 hadi 1918 vinatuonyesha kwamba si suala la rangi ya mtu wala la elimu yake. Ni suala la mahali kiwanda kilipo. Vita hivyo vilipoanza, manowari za Uingereza ziliziba pwani ya koloni la Kijerumani, na Wajerumani waliokuwa hapa wakajikuta katika hali ile ile waliyomwachia Mkwawa.

Kampuni nyingi za askari wao zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, inayopiga risasi moja moja kwa baruti yenye moshi mzito, ambao humwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alianza kutafuta zana na vipuri kwa kila njia. Novemba 1914 huko Tanga aliteka bunduki nyingi, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Rubens ilifika Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuzama kwa sehemu. Bunduki na risasi zikaopolewa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari, hivyo zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, kisha zikafungwa tena. Hata hivyo nyingine ziligoma kulia.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa manowari Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliishambulia na kuizamisha Pegasus, manowari ya Kiingereza, katika bandari ya Unguja. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa na Waingereza, na nahodha wake akaamua iharibiwe. Makomeo ya mizinga yakatupwa majini, kwa sababu mzinga usio na komeo ni bomba tu. Baadaye Wajerumani walirudi, wakaiopoa mizinga yote 10 ya kipenyo cha milimita 105, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitengeneza na kuiwekea magurudumu ili itumike nchi kavu. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus wakaifanyia hivyo hivyo. Meli mbili zilizokufa zikawa ghala la vipuri la majeshi mawili.

Mizinga hiyo ilikutana tena Kondoa. Aprili 1916 kikosi cha Jenerali van Deventer kiliondoka Arusha, kikapita Lolkisale na Ufiome, kikashuka kutoka kaskazini, upande wa Kolo, na tarehe 19 Aprili kikaingia Kondoa. Kilifika kimechoka. Farasi wake walikuwa wamekufa kwa wingi njiani, na mvua za masika ziliifunga barabara nyuma yake, hata magari hayakupita. Lettow-Vorbeck akakusanya watu wake kutoka reli ya kati, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei akashambulia. Alirudishwa nyuma kwa hasara. Baada ya hapo majeshi mawili yalikaa yakitazamana kwa wiki nyingi, yakipigana kwa mizinga: ile ya Königsberg upande mmoja na ile ya Pegasus upande wa pili. Silaha zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari zilikuwa zinapigana katika vilima vya Irangi, kilomita mamia kutoka pwani, kwa ajili ya nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Mwisho wa Juni Wajerumani waliondoka, na tarehe 29 Julai 1916 Dodoma ilichukuliwa.

Mzinga wa Königsberg ulikuwa na kasoro ile ile ya bunduki ya Lugalo. Kombora lake halikutengenezwa Dar es Salaam. Karakana ya reli iliweza kuunda magurudumu na kunyoosha vyuma, na kituo cha utafiti cha Amani kiliweza kutengeneza dawa ya kwinini, lakini hapakuwa na kiwanda cha silaha, kwa sababu mkoloni hakuwa amejenga koloni ili lijitegemee. Alilijenga litoe katani, pamba na mpira, na lipokee kila kitu kingine. Sera hiyo aliyoiweka kwa ajili yetu ikamkaba yeye mwenyewe. Mizinga ikaharibiwa mmoja baada ya mwingine, na Wajerumani walipovuka Ruvuma Novemba 1917 hawakuwa na hata mmoja wa Königsberg. Leo mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ambako watalii huitazama kama mapambo.

Kipuri cha mwisho kilikuwa mtu

Hadi hapa tumezungumza juu ya vyuma. Tukikomea hapo tutakuwa tumeiandika historia ya majenerali. Mzinga wa manowari haukujipeleka Kondoa. Palipokuwa na reli ulisafiri kwa reli. Reli ilipokoma, ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu, kupita mchanga, mawe na matope. Makombora yalibebwa kichwani. Gari lilipokosa kipuri, mpagazi aliwekwa mahali pake. Farasi alipokufa kwa ndorobo, mpagazi aliwekwa mahali pake. Mpagazi naye alipokufa, aliwekwa mpagazi mwingine.

Katika vita vile kipuri kilichopatikana kwa urahisi kuliko vyote kilikuwa Mwafrika, na ndiyo maana kilitumiwa bila hesabu. Waingereza katika hesabu zao wenyewe walikiri vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000, na wanahistoria waliochunguza baadaye wameifikisha idadi hiyo karibu 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa. Upande wa Wajerumani hapakuwekwa hata orodha ya kuaminika ya wapagazi waliokufa. Komeo la bunduki lilikuwa na namba yake. Mtu aliyebeba bunduki hakuwa nayo.

Nchi tambarare ya kati ililipa mara mbili. Majeshi yote mawili yalichukua wanaume, ng'ombe na nafaka. Mvua zilipokosekana, Ugogo ikaingia katika njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ukame ulikuwa wa asili. Ghala tupu na zizi tupu havikuwa vya asili.

Sasa tuitazame hesabu ya mwisho. Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake. Alikuwa na mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za rashasha 37, ambazo 7 tu zilikuwa za Kijerumani, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Baada ya miaka minne, jeshi la Ujerumani katika Afrika ya Mashariki lilikuwa limebadilishwa kipuri kwa kipuri hata silaha yenyewe ikawa ya adui.

Wako wanaolisifu jambo hili kama ustadi. Ni ustadi kweli, na mpigania uhuru yeyote anaweza kujifunza kwamba silaha ya kwanza hupatikana mkononi mwa adui. Lakini tusisahau upande wa pili. Anayeishi kwa kuteka amemfanya adui kuwa mtunza ghala wake. Lazima apigane si pale anapotaka, bali pale penye risasi zinazolingana na bunduki yake. Aliweza kuishi hivyo kwa sababu alikuwa jeshi linalohama, lisilo na wananchi wa kuwalinda wala shamba la kulilinda. Taifa haliwezi kuishi hivyo.

Kutoka Kongwa hadi Morogoro

Nusu karne baada ya vita vya Kondoa, suala hili lilirudi katika mkoa huu huu wa Dodoma likiwa na sura mpya. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1964 wapiganaji wa vyama vya ukombozi, wakiwamo wa FRELIMO, ANC na SWAPO, walipata kambi huko Kongwa. Safari hii bunduki zilikuja kutoka nchi za kijamaa, na hazikulipiwa kwa pembe wala kwa watu.

Linalofaa kuzingatiwa ni aina ya silaha zilizoenea. Bunduki nyingi za Kisovieti na za Kichina zilizotumiwa na wapigania uhuru zilitumia risasi moja ya milimita 7.62. Kiongozi wa kikosi aliyekuwa na bunduki za nchi mbili aliweza kuzilisha kwa sanduku moja. Lettow-Vorbeck hakuwa na faraja hiyo, kwa kuwa bunduki yake ya 1871, ile mpya ya Kijerumani, ya Kiingereza na ya Kireno kila moja ilikuwa na risasi yake, na hakuna iliyoweza kumkopesha mwenzake. Ulinganifu wa zana ni jambo la kisiasa kabla ya kuwa la kiufundi, kwa sababu huanza na uamuzi wa nani unashirikiana naye na kwa masharti gani.

Lakini rafiki naye ni mtu mwingine. Msaada wa silaha bila uwezo wa kuitunza silaha ni mkopo ambao haujaandikwa. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 Tanzania, kwa msaada wa Uchina, ilijenga kiwanda cha Mzinga huko Morogoro. Tofauti kati ya kupewa risasi na kupewa kiwanda cha risasi ndiyo tofauti kati ya Lugalo na Mzinga.

Mafunzo kwa makada

Kwanza, tuache kuwafundisha vijana kwamba babu zetu walishindwa kwa sababu ya ujinga. Walishindwa na mfumo uliotenganisha anayetumia zana na anayeitengeneza, kisha ukaweka sheria ili utengano huo udumu.

Pili, kila zana inapopendekezwa, iwe bunduki, trekta au mashine ya maji, swali la kwanza lisiwe bei yake bali kipuri chake. Nani anakitengeneza? Kikivunjika, fundi wa wilaya anaweza kufanya nini nacho? Kama jibu ni kungoja meli, basi hatujanunua zana. Tumenunua foleni.

Tatu, fundi ni askari. Mfua chuma wa Haubi alikuwa ulinzi wa Irangi kama alivyokuwa mpiga mishale. Kijiji kinachomdharau fundi wake, na chuo kinachoona kazi ya mikono ni ya walioshindwa mtihani, vinaandaa kushindwa kwingine bila kujua.

Nne, na hili ndilo kubwa, kipuri kinapokosekana daima kuna mtu atakayewekwa mahali pake. Mwaka 1916 alikuwa mpagazi. Katika wakati wowote atakuwa yule asiye na sauti: mama atakayebeba maji kichwani kwa sababu mashine imelala, mkulima atakayelima kwa mkono shamba lililopimwa kwa trekta. Kwa hiyo kada anapokagua ghala asihesabu vyuma peke yake. Ahesabu na migongo ya watu itakayobeba mzigo siku vyuma hivyo vitakapokataa kufanya kazi.